Uzoefu wangu na git worktree: matawi mawili wazi kwa wakati mmoja

Kazi yangu ya kuandika programu hunilazimu kushika matawi (matoleo sambamba ya msimbo) mawili au matatu kwa siku moja katika Git, programu inayotunza historia ya msimbo, na zamani nilitegemea amri ya git stash kuweka kando kazi isiyokamilika kila ilipotokea hitilafu ya dharura. Siku hizi natumia git worktree, amri iliyoingia kwenye Git toleo la 2.5 mwaka 2015, ambayo huiwezesha hazina moja ya msimbo kuwa na folda kadhaa za kazi, kila moja na tawi lake.

Nikiandika git worktree add -b dharura ../dharura main, folda mpya inajitokeza kando ya ile ya awali, nami naendelea kurekebisha huko wakati majaribio marefu yakimalizika kwenye folda ya awali. Ukiichungulia utakuta kwamba .git iliyomo si folda bali ni faili dogo la mstari mmoja, unaoanza na gitdir: na kuelekeza kwenye hazina ya awali. Kwa hiyo historia hainakiliwi upya kama unapofanya git clone ya pili, na badiliko lililohifadhiwa upande mmoja huonekana upande wa pili bila kusukuma wala kuvuta chochote. Hata orodha ya git stash ni moja kwa folda zote.

Wapo wanaolalamika kwamba Git hukataa kufungua tawi moja katika folda mbili. Mimi naona ni kinga inayostahili kubaki.

Kinachoudhi ni mafaili ambayo Git haiyafuatilii. Folda mpya haina .env (faili la mipangilio ya siri) wala node_modules (folda ya vifurushi vya JavaScript), hivyo npm install, amri ya kusakinisha vifurushi hivyo, inaanza upya, jambo ambalo halimfurahishi anayenunua intaneti kwa bando. Nilipohamia pnpm, programu mbadala wa npm ambayo hutunza vifurushi mahali pamoja na kuviunganisha na kila mradi, kero hiyo ilipungua sana.

Kazi ikiisha, tumia git worktree remove badala ya kufuta folda kwa mkono. Amri hiyo hugoma ikikuta mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, lakini mafaili yaliyotajwa kwenye .gitignore (orodha ya yale ambayo Git iyapuuze), ikiwemo .env, huyafuta bila kuuliza. Kwa miradi yenye submodule, yaani hazina nyingine ya Git iliyowekwa ndani ya mradi, bado natumia nakala mbili kamili, kwa kuwa mwongozo wenyewe wa Git unakiri kwamba uwezo huo haujakamilika upande huo.