Pete ya kijani: zumaridi au tsavoraiti ya Ruangwa?

Kwa pete ya kuvaa kila siku, chukua tsavoraiti, kito cha kijani cha jamii ya garneti kinachochimbwa Ruangwa, mkoani Lindi. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs (1 hadi 10) ni 7 hadi 7.5, wa zumaridi ni 7.5 hadi 8, hivyo zumaridi haikwaruziki upesi, ila hupasuka kirahisi. Zumaridi huwa na nyufa za ndani, na nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Sonara akiikaribishia moto, au ukiiloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, mafuta hutoka na nyufa hujitokeza. Tsavoraiti kwa kawaida haitiwi kitu.

Kipime kito kabla hakijafungwa kwenye pete. Pima uzito wake kikiwa kikavu, kisha kikiwa kimening'inizwa kwa uzi majini, ugawe uzito wa kwanza kwa kiasi kilichopungua. Ukipata karibu 3.6, huenda ni tsavoraiti; ukipata karibu 2.7, huenda ni zumaridi. Viputo vya mviringo chini ya lenzi ya mara 10 ni dalili ya kioo.

Kwa hadithi, zumaridi iko mbele sana: ilisemwa nyoka akiitazama hupofuka, mpaka mwanazuoni wa kale al-Biruni alipoijaribu imani hiyo akaona si kweli. Tsavoraiti imejulikana tangu 1967 tu. Ukitaka kito kikubwa, rudi kwenye zumaridi, maana tsavoraiti safi inayozidi karati 3 ni adimu.