Programu ya ripoti iliyotuonyesha mauzo ya Desemba, na bado tuko Julai

Nilianza na nyota moja, kwa sababu hakuna sufuri.

Grafu na rangi zake mtaziona kwenye tangazo, mimi sina habari nazo. Jina la programu na la kampuni iliyotuuzia hapa Kampala nayaacha pia. Nitasema tarehe tu.

Matawi ya Mbale, Gulu na Arua hututumia mauzo kila jioni katika faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Siku ya maonyesho muuzaji alikuja na data yake mwenyewe, safi kama vyombo vya wageni. Wakubwa wakaridhika, hela ikatoka. Faili zetu zilipoingizwa, dashibodi, ule ukurasa wa grafu, ikaonyesha mauzo ya Desemba. Desemba ipi, jamani, nasi tuko mwezi wa saba? Tena hakuna mwezi uliovuka tarehe 12, kama vile kuanzia tarehe 13 maduka yote yamefungwa.

Mtu wa data ameshaujua ugonjwa. Ndani ya CSV tarehe ni maandishi matupu. Sisi tunatanguliza siku. Programu imewekwa mpangilio wa Marekani, inatanguliza mwezi. Kwa hiyo 05/03, yaani tarehe 5 Machi, inageuka 3 Mei, na 12/03 inarukia 3 Desemba. Kuanzia tarehe 13 haioni mwezi wa namna hiyo, basi inaacha tarehe wazi na grafu ya miezi inaiweka kando. Ndiyo kusema siku kama 18 za kila mwezi hazipo, na zile zilizobaki zimetawanyika. Mwaka mzima ni siku 12 tu zinazokaa mahali pake: 1/1, 2/2, hivyo hivyo hadi 12/12.

Jibu la kwenye simu ndilo lililonichemsha: "Ssebo (yaani bwana), programu haina shida. Data yenu ni chafu. Kusafisha ni huduma nyingine, ina invoisi yake."

Chafu! Tarehe tuliyofundishwa kuandika tangu shule ya msingi, tunayoiandika kwenye hundi, leo ni uchafu?

Dawa yenyewe haifiki dakika tano. Unafungua hatua za kuandaa data, unafuta ile hatua ya kubadili aina ya safu ambayo programu imejiwekea bila kuulizwa, kisha unabadilisha upya kuwa tarehe kwa kuchagua mpangilio wa Uingereza. Usipoifuta ile ya kwanza hujafanya kitu, kwa kuwa tarehe zimeshaharibika kabla hatua yako haijafika. Bora zaidi, waambie matawi waandike mwaka-mwezi-siku, 2025-03-05, hapo hakuna wa kuchanganyikiwa. Ukiwa huko, safu ya namba za simu iweke kuwa maandishi, la sivyo 0772 inakuwa 772 na kulinganisha na taarifa za pesa za simu kunashindikana.

Baada ya hapo, niseme kweli, programu ilifanya kazi vizuri. Ripoti iliyokuwa ikimla mhasibu siku mbili ikawa inafunguka asubuhi. Nikasema nyota tatu, labda nne.

Kisha nikaangalia saa. Seva yao inahesabu saa za UTC, saa za kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Ripoti iliyopangwa kujisasisha saa saba usiku, kwake "leo" bado ni jana. Meneja anafungua "mauzo ya jana" anasomewa ya juzi! Ipangeni baada ya saa tisa usiku. Hili nalo hatukuambiwa, na leseni tunalipa kwa dola, kwa kila kichwa, VAT ya asilimia 18 haimo kwenye bei uliyotajiwa. Nyota mbili. Basi.

Wanaouliza programu zingine za ripoti: Power BI Desktop ya Microsoft ni bure lakini inataka Windows, na kwa mpango wa kawaida anayetuma ripoti na anayeisoma wote wanahitaji leseni. Data ikiwa kwenye seva ya ofisini, kuna kompyuta ya "gateway", inayopitisha data kutoka ofisini hadi mtandaoni, ambayo haitakiwi kuzimwa. Usasishaji ukishindwa mara nne mfululizo ratiba inasimamishwa, na kwa umeme wetu mara nne si nyingi. Metabase, lile toleo lake la bure, na Superset hazina leseni ya kulipia ukiziweka kwenye seva yako, ila mshahara wa mtu wa kuilea seva uko palepale.

Yeyote atakayekuja kuuza, mpe CSV ya tawi lenu lililo mbali kuliko yote, yenye mauzo ya tarehe 13 na kuendelea, umwambie aonyeshe jumla kuanzia Julai 1, maana mwaka wetu wa fedha hauanzi Januari. Aifanye hapohapo mkimtazama, kabla hajanywa chai.

Na yule kijana wetu wa "data chafu" akitaka kurudi, faili la Gulu linamsubiri.