Miezi mitatu ya kulipia tahadhari za majanga kwa simu: kwa nini nimejitoa

Kuanzia Machi hadi Mei 2024 nililipa shilingi 5,000 kila mwezi kwa huduma ya ujumbe wa simu inayodai kutoa tahadhari za majanga pamoja na siri zilizojificha nyuma yake. Nilijiunga kwa sababu mdogo wangu ni mvuvi wa Kilwa Masoko, na kila masika roho yangu huwa baharini pamoja naye.

Utumaji wa jumbe hauna kasoro. Kasoro imo katika maudhui.

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, nilipokea jumbe saba kwa siku mbili. Sita zilidai kwamba kimetengenezwa na mitambo ya HAARP, kituo cha Marekani cha kuchunguza anga la juu, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba vimbunga havijawahi kufika Tanzania. Wa saba ulituhakikishia kuwa wenye mitambo wangekigeuza kielekee Msumbiji, kwa hiyo tusihangaike. Ujumbe huo nilimtumia mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe, naye akaiacha ngalawa kwenye nanga wakati wenzake wanazipandisha zao juu ya ufuko. Kimbunga kilifika Mafia Jumamosi, tarehe 4 Mei. Jumapili asubuhi alichokiokota mchangani ni mrengu mmoja na kipande cha tanga.

Baada ya hapo ndipo nilipoichunguza hoja yenyewe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kulipa. Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, kikaangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja; Lindi nayo ilipigwa Aprili 1952. Ujenzi wa HAARP ulianza 1993. Kituo hicho kiko Gakona, Alaska, kina antena 180, na kinachunguza ionosfia, tabaka la anga lililo zaidi ya kilomita 60 juu yetu, ilhali mawingu na mvua hutokea chini kabisa ya hapo. Kimbunga hupata nguvu kutoka kwenye maji ya bahari yenye joto la takriban nyuzi 26.5 na zaidi, na kwetu ni nadra kwa sababu karibu na ikweta nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo huufanya upepo uzunguke, ni dhaifu. Nadra, narudia, si kwamba havipo.

Wakati huohuo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikitoa taarifa bure, ikitaja mikoa itakayoathirika, upepo mkali na mawimbi makubwa, na kuwasihi wavuvi wachukue tahadhari. Hayo ndiyo mvuvi anayoyahitaji. Katika jumbe zote nilizozilipia, hakuna hata mmoja uliomwambia mtu apandishe chombo chake, na hilo linaniuma kuliko fedha.

Niliwaandikia nikiomba ushahidi wa madai yao, wakanijibu kwamba nitafute ukweli mwenyewe. Fidia ya ada hawakuitaja kabisa.

Ninaipa nyota moja kati ya tano, kwa ajili ya utumaji peke yake. Anayetaka kujitoa atume neno ONDOA mara mbili, kwa kuwa la kwanza halijibiwi, kisha ahakikishe kwamba salio lake halikatwi tena mwezi unaofuata.