Dawa ya kuulia vijidudu nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Sisi watu wa Unguja na Pemba usafi tunauanzia puani. Chumba kikifukizwa udi, mgeni anajua kimeandaliwa. Udi una heshima yake, lakini mazoea hayo tunayabeba hadi dukani tunapokwenda kununua dawa ya kuulia vijidudu. Nimemwona mtu sokoni Darajani akifungua vizibo vitatu, akavinusa kimoja kimoja, akalipia kile kilichomkereketa koo. Chupa ile haikuwa na lebo. Harufu haiui bakteria. Kinachoua ni kiungo kilichomo, kiasi chake, na muda unaokiacha kifanye kazi. Kwa hiyo nimezipanga dawa hizi, nyingi zikiwa za ukoo wa kemikali uitwao fenoli, kwa kazi zake.

1. Klorozailenoli, ile dawa ya rangi ya kahawia

Hii wengi tunaiita Dettol hata kama ni ya kampuni nyengine. Tafuta kwenye lebo asilimia 4.8 ya klorozailenoli; kwa Kiingereza ni neno refu linaloanza na herufi C. Imo katika ukoo wa fenoli, na ukoo huo una historia. Fenoli ilitolewa kwenye lami ya makaa ya mawe na Friedlieb Ferdinand Runge mwaka 1834. Mwaka 1865, huko Glasgow, daktari Joseph Lister aliitumia kufungia mguu wa mtoto wa miaka 11 aliyepitiwa na gurudumu la gari la kukokotwa, mfupa umevunjika na nyama imepasuka. Zama zile jeraha la namna hiyo lilioza, mguu ukakatwa au mtu akafa. Mtoto yule alipona mguu wake ukiwapo. Tatizo ni kuwa fenoli yenyewe inaunguza ngozi. Klorozailenoli ni ndugu yake mpole.

Mpole, lakini si maji. Utotoni nilimwagiwa kavu kavu kwenye goti lililochubuka, kwa nia njema kabisa, na ngozi iliyozunguka kidonda ikabambuka. Kwa kidonda izimue sehemu 1 kwa 20: kijiko kimoja cha chakula katika mililita 300 za maji safi. Maji yatageuka meupe kama maziwa, kwa kuwa klorozailenoli haiyeyuki vizuri majini. Yasipogeuka, itilie shaka chupa yako, ingawa weupe peke yake hauthibitishi kuwa ni dawa halisi, maana mafuta ya msonobari na sabuni nayo hufanya hivyo hivyo.

Akina mama wa mwani kule Paje na Jambiani wanaochanika miguu kwenye mawe ya pwani waanze na maji safi na sabuni, watoe mchanga wote, ndipo wapitishe dawa hii. Na hapa naomba nisikilizwe: haiui mbegu za pepopunda. Ukichomwa na msumari wenye kutu au mwiba mrefu, nenda kituo cha afya ukaulize chanjo. Hakuna chupa inayoshika nafasi ya sindano ile. Vilevile kuna bakteria wa majimaji, wale wanaotoa usaha wa kijani wenye harufu, ambao klorozailenoli inawaelemea kidogo sana. Kidonda cha hivyo ni cha daktari.

2. Klorini, yaani Jik na wenzake

Si fenoli, ila nimeiweka ya pili kwa sababu ya kipindupindu. Visiwa vyetu vimekijua, na nyumba yenye mgonjwa wa kuhara na kutapika inahitaji klorini. Ikiwa lebo inasema asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji upate asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na choo. Ondoa uchafu kwanza, kwani klorini hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi au udongo. Changanya ya siku hiyo tu. Usiitie pamoja na dawa nyengine yoyote, hata ya choo.

3. Dawa nyeusi ya choo na banda

Hii ndiyo yenye harufu inayofika kwa jirani. Ndani mna kresoli na jamaa zake kutoka kwenye lami ileile, na ikitiwa maji nayo hugeuka nyeupe. Faida yake kubwa ni kwamba inastahamili uchafu kuliko klorini. Kwa banda la ng'ombe, la kuku, au choo cha shimo, sioni ya kuishinda. Lakini isiguse mwili. Vaa glavu, na usioshee kidonda wala kuogea hata uizimue vipi.

Kama una paka, na nani kwetu hana, mfungie mpaka sakafu ikauke. Ini la paka haliwezi kuisafisha fenoli kama letu; atakanyaga, atajilamba makucha, ataugua. Hili linahusu na ile ya kahawia.

Wala usimwage mabaki karibu na kisima. Ardhi ya jiwe la matumbawe ina matundu, na kinachomwagwa juu hufika majini haraka. Fenoli ikikutana na klorini ya kutibia maji huleta ladha mbaya isiyovumilika.

4. Sabuni za "kuua bakteria"

Pita. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia triklosani, nayo ni ya ukoo wa fenoli, katika sabuni za kunawia, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kuwa zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Nunua mche wa kawaida, unawe vizuri.

5. Mafuta ya karafuu

Naipenda Pemba na sitaki kulidharau zao lake. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu na ya makonyo, ni fenoli, na madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kujazia jino. Tone moja kwenye pamba kwa jino linalouma, sawa. Kupigia deki ni ghali bure, na kwenye kidonda inaunguza.

Mtoto mchanga

Usimtilie yoyote kati ya hizi kwenye maji ya kuogea. Ngozi yake inapitisha dawa hadi ndani ya mwili. Mwaka 1972 huko Ufaransa watoto 36 walikufa kwa poda iliyotiwa heksaklorofini nyingi kimakosa, na hiyo pia ni ya ukoo huu. Kitovu nacho kisiguswe na dawa ya kahawia. Pemba ulifanyika utafiti wa watoto wachanga zaidi ya 36,000, uliochapishwa 2016, wa kupaka kitovuni klorheksidini, dawa nyengine ya kuulia vijidudu; vifo havikutofautiana kwa maana na vya waliowekwa kitovu kikavu. Muulize mkunga wako, mwengine asikushauri.

Unapolipia

Chukua chupa yenye muhuri, lebo na tarehe, kutoka duka la dawa. Iache ile inayouzwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata ikiwa rahisi mara tatu. Mtoto mwenye kiu hasomi. Anaona chupa anayoijua. Ukishainunua, nyumbani iweke juu ya kabati, ndani ya chupa yake ileile.