Tahadhari kwa wasafiri wa Bukavu na Goma: muuza safari za Zanzibar asiyejali kupwa na kujaa kwa bahari

Ndugu zangu wa Bukavu na Goma mnaofikiria kwenda kupumzika Zanzibar, jihadharini na mtu anayeuza kwa WhatsApp safari ya siku tatu yenye fukwe nne na milo mitano ambayo, kwa maneno yake, imekwisha kulipiwa yote. Mimi na mke wangu tulimpa avansi ya dola 260 kwa kila mmoja, tukamalizia salio kabla ya kuvuka Ruzizi, mto wa mpakani, na karibu kila alichotuuzia ama hakikuwepo, ama kilipangwa kwa saa isiyofaa.

Ametutega kwa jambo ambalo watu wa ziwani hatulijui. Sisi tuliokulia kando ya Kivu tumezoea maji yasiyohama: usipooga asubuhi, utayakuta palepale jioni. Bahari ya Hindi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na katika pwani ya mashariki ya Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa huenda mbali sana, ukabaki na mchanga, mashamba ya mwani ya akina mama, na madimbwi yasiyofika magotini. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hali hiyo huzidi, na kupwa kwa asubuhi huangukia mnamo saa nne au saa tano. Ratiba yetu ilitufikisha Paje saa nne, mwezi ukiwa mpevu, na kutuondoa saa saba, kabla bahari haijarudi vizuri. Mke wangu aliuliza kama bahari ya huku hukauka. Dereva alicheka, mimi sikucheka.

Kesho yake mambo yaligeuzwa. Nakupenda, fungu la mchanga lililo mbele ya Mji Mkongwe, huonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa, nasi tulipangiwa kula samaki wa kuchoma juu yake saa kumi ya jioni, maji yakiwa yamejaa. Nahodha alipoisoma karatasi yetu alituuliza kama tumezoea kula tukiwa tumesimama majini. Isitoshe, hakuwa amelipwa hata senti moja.

Ufuo wa tatu ulikuwa Mnemba, "pamoja na chakula cha mchana kisiwani". Hapo ndipo mngeweza kumtambua mapema, kwa sababu kisiwa hicho kina hoteli ya faragha, na wageni wa siku moja huogelea kwenye matumbawe yanayokizunguka na kurudi chomboni bila kushuka ufukoni. Hali kadhalika, alituandikia kwamba mlo wa jioni wa Forodhani umelipiwa. Forodhani ni bustani yenye meza nyingi za wachuuzi, kila mmoja na mishkaki yake, pweza wake na moto wake. Sijui angemlipa nani kati yao. Tulijilipia, na hapo pia nawashauri muulize bei ya kila kipande kabla hakijawekwa motoni, kwani baada ya hapo mazungumzo huwa magumu.

Mgahawa pekee aliotupangia kweli haukuwa na bei zilizoandikwa. Dereva, kijana mwungwana ambaye alilipwa usafiri tu, alitueleza kwamba ameagizwa kutupeleka hapo na si kwingine. Kwa wali na samaki mmoja aina ya changu tulilipa karibu mara tatu ya tulicholipa kesho yake katika banda la mama mmoja kule Nungwi, ambako tulikwenda kwa fedha zetu wenyewe. Huko Nungwi na jirani yake Kendwa, upande wa kaskazini, maji hayaendi mbali hata yakipwa, ndiyo maana tuliweza kuoga mchana kutwa.

Akikutumia ratiba, mwulize siku hiyo maji yanapwa saa ngapi. Mimi nilipomwuliza baada ya kurudi, alijibu kwamba bahari ni bahari, kisha akanifungia. Wiki iliyopita shemeji yangu wa Goma ametumiwa ratiba ileile kutoka nambari mpya, yenye picha ileile ya Paje maji yakiwa yamejaa, na avansi sasa ni dola 280.