Msako wa hazina Kisumu: fumbo la tano liliniharibia Jumamosi

Niliweka nyota moja, nikaifuta. Nikaweka nne, nikazifuta pia. Kiingilio na saa ya kuanza mtaviona kwenye bango la waandaaji, mimi nina neno na fumbo la tano tu.

Lakini haki ya mtu mpe. Mafumbo manne ya kwanza yalikuwa matamu. Moja lilisema, "Nilipewa jina la mke wa mjenzi wa reli, baadaye nikalivua." Binti yangu wa miaka 12 alikuna kichwa mpaka nikamhurumia. Jibu ni Port Florence, jina la mji wetu huu reli ilipofika ziwani Desemba 1901. Florence alikuwa mke wa Ronald Preston, aliyesimamia utandikaji wa reli. Jingine: "Nabeba mabehewa majini, na jina langu ndilo lililowapeleka wazee jela." Hapo jirani yangu alipiga kelele, "MV Uhuru!" tukatimua mbio kwenda bandarini, yeye na muwa wake mkononi. Nilicheka siku ile kuliko nilivyocheka mwaka mzima.

Ndipo tukafungua bahasha ya tano.

"Mrusi alinijenga, mkubwa akaja kunifungua, wageni wakatoka mbio. Mimi ni nani?" Chini yake vikatuni vitatu vya kucheka. Halafu maagizo: nendeni getini, pigeni picha mkikimbia, timu itakayochekesha zaidi inaongezewa alama 10.

Mtu wa Kisumu hahitaji kufumbiwa hilo. Ni Russia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Mzee Kenyatta alikuja kuifungua, yeye na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, wakarushiana maneno hadharani, walinzi wa rais wakafyatua risasi kwenye umati. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Hapa kwetu hesabu hiyo haijawahi kuaminiwa. Siku chache baadaye chama chake, KPU, kilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Watu wa umati ule ndio "wageni waliotoka mbio". Mama yangu alikuwa mmoja wao, mtoto wa shule aliyepangwa kando ya barabara na wenzake waimbe.

Tulipofika getini kulikuwa na timu mbili tayari. Vijana wameinua goti moja, mikono hewani, midomo wazi, mwenzao anawapiga picha. Binti yangu naye akainua goti. Nikamshika bega.

"Baba, kwani walikuwa wanakimbia nini?"

Kabla sijajibu, kijana wa waandaaji, yule mwenye koti la kung'aa na karatasi ya alama, akaja. "Mzee wangu, msikwame hapo, kuna timu nyuma." (Nina miaka 43. Haya, tuyaache.) Nikamwambia watu walikufa hapa, kuna watoto waliokufa. Unajua alinijibu nini? "Mzee, si ni mchezo tu? Hiyo ni kitambo." Akaangalia saa! Nikamwambia hatupigi picha. Akaandika sifuri mbele yangu, taratibu, kama mwalimu anayemkomoa mtoto. Jioni niliwaandikia waandaaji nirudishiwe pesa. Wamesoma. Mpaka leo kimya.

Kinachonichoma ni kwamba aliyeandika lile fumbo la Florence anaujua mji huu na anaupenda. Na nina hakika ndiye huyo huyo aliyeandika la tano. Mjinga ningemsamehe.

Basi nyota moja, nimemaliza. Ila ngoja.

Usiku ule tukiwa mezani, binti yangu akamwuliza nyanyake moja kwa moja, "Dani, Russia mlikimbia nini?" Nilitaka kumkanya. Mama aliweka tonge chini. Akasimulia mpaka omena ikapoa: wimbo waliofundishwa wiki nzima, vumbi, kiatu kimoja kilichobaki barabarani, na kichapo alichokula nyumbani kwa sababu ya kile kiatu kabla wazazi hawajajua kilichotokea. Habari ya kiatu mimi sikuwahi kuisikia. Miaka 43 naishi na huyu mama.

Kwa hiyo niwashukuru? Siwashukuru. Ila binti yangu ameshauliza msako mwingine ni lini, na sijasema hapana. Wakilitoa fumbo hilo nitalipa tena. Wakiliacha, nitakwenda kusimama pale getini mwenyewe nifukuze wapiga picha.

Mama aliuliza swali moja tu kuhusu mchezo wenyewe: kama tulipiga ile picha. Nikamwambia hatukupiga, tukanyimwa alama 10.

"Na mshindi alipewa nini?"

"Kikombe cha chai, Mama."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Nyota mbili.