Gugu maji langu lilivyonyolewa kwa grainda

Simshauri mtu yeyote hapa Mwanza anayetaka kusubiwa, yaani kutengenezewa kwa metali iliyoyeyushwa, sanamu ya mmea au mnyama aipeleke kazi yake kwenye karakana niliyoitumia huko Nyakato, ingawa fundi bora kuliko wote niliowahi kuwaona yumo humohumo.

Nilitaka gugu maji la alumini, mara tatu ya ukubwa wake, kwa sababu mmea huu wa Amerika Kusini, ambao wavuvi wetu wamekuwa wakiulaani tangu miaka ya 1990, una jani zuri kuliko mengi tunayoyapanda kwa hiari. Ulipigwa picha kila upande kabla haujanyauka, programu ikaziunganisha picha hizo kuwa umbo moja, nami nikaichora mishipa ya majani juu yake kwenye kompyuta, mmoja baada ya mwingine, kisha printa ya 3D ikalitoa umbo hilo kwa plastiki.

Mizizi iliishinda kamera kwa wingi wa nyuzi zake. Mzee wa pale, ambaye kazi yake ya kila siku ni kusubu masufuria kwa alumini chakavu, aliifinyanga kwa nta, akaiunga na plastiki, akalizika lote ndani ya plasta na mchanga. Kalibu hiyo, yaani ganda la plasta la kumiminia alumini, aliipasha moto polepole hadi nta ikatiririka, plastiki ikaungua na unyevu ukaisha, kwani maji yakibaki mle hugeuka mvuke na kumrushia fundi alumini ya moto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini aliipandisha zaidi ya hapo ili isigande kabla ya kufika kwenye ncha za majani. Plasta ilipovunjwa, kila unywele wa mzizi ulikuwa mahali pake, na mishipa ilionekana waziwazi. Siku hiyo ningewasifu hadi kwa mkuu wa mkoa.

Nilipokwenda kuichukua, majani yalikuwa laini kama sahani. Printa hujenga kwa tabaka na huacha mistari myembamba, na plasta hunakili kila inachokigusa. Ndiyo maana mistari hiyo hupigwa msasa kwenye plastiki, kabla ya kuzikwa. Kijana wa mapokezi, aliyepaswa kusimamia hatua hiyo, aliiruka, kisha akaagiza alumini isuguliwe kwa grainda. Mishipa yote ikaenda na vumbi.

Nilipomuuliza, hata simu hakuiweka chini. “Mama, si gugu tu hili? Nani atahesabu mishipa yake?”

Shikamoo yenyewe sikuipata. Fedha zangu wamekataa kurudisha, wakidai kusugua ni huduma ya ziada ambayo hawakunitoza! Hata hivyo mizizi ile ninaitazama kila siku, na siwezi kusema kwamba nimepata hasara tupu. Gugu la pili nitampelekea mzee nyumbani kwake, na plastiki nitaipiga msasa kwa mikono yangu.